Kabla Hujaipenda Shule Ndogo ya Kayumba, Uliza Ilizaliwaje

Haya wapendwa, leo mastaa tuwaache wapumzike. Ndoa zao, magari yao na madeni yao tutayarudia wiki ijayo, hayaendi popote. Leo nina habari ya wifi yangu na shule.

Wifi anakaa Temeke, upande wa kuelekea Tandika. Mwanawe wa kwanza anatimiza miaka sita Januari, na tangu mwezi wa kumi nyumba ile haina amani. Mlangoni mwa friji kuna fomu ya Inglishi Midiamu moja, imebanwa na sumaku yenye umbo la nanasi. Chini yake wifi amejumlisha kwa kalamu nyekundu ada, basi, chakula, sare na "mengineyo". Kaka yangu kila akienda kuchukua maji anaisoma ile jumla, anafunga friji, anaondoka kimya. Wenzake wa kikoba wameshakubali kumkopesha wifi. Kilichobaki ni yeye kuweka saini.

Kinachomzuia ni shule ya serikali iliyo mtaa wa tatu kutoka kwao. Ndogo, tulivu, wala hujui kama ni shule mpaka uone watoto wa sare wanatoka. Jirani amemwambia kwamba matokeo ya darasa la saba yaliyotoka juzi imeshika nafasi ya tatu. "Wifi, wewe ndiye uliyesoma historia," akanipigia. "Njoo uitazame uniambie ni nzuri au tunadanganyana."

Nilicheka. Historia na kuandikisha mtoto wapi na wapi? Lakini nilipokuwa kwenye daladala nikaona kwamba swali la kwanza nitakalouliza ni la historia tupu: hii shule ni ndogo kwa sababu gani? Maana shule ya serikali Dar es Salaam haiwi ndogo hivi hivi. Mji huu ulikuwa na watu wasiofika laki tatu sensa ya 1967, leo uko juu ya milioni tano. Ukikuta shule yenye nafasi ndani ya mji huo, kuna jambo limetokea, na jambo hilo ndilo litakalokuambia mwanao atasoma vipi. Shuleni ninayemsema sitaitaja, wala walimu wake. Hawajanikosea.

Tuanzie mbali kidogo, msinichoke.

Enzi za Mwingereza mzazi wa Kiafrika hakuwa na mjadala kama huu wa wifi. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Mji wenyewe ulikatwa hivyo hivyo: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda Ilala. Baada ya Vita vya Pili watu walipozidi kuingia mjini, wakapimiwa Magomeni na Temeke. Nyumba zilikwenda mbele, shule zikafuata kwa kuchechemea. Mtoto aliyepata nafasi alisoma miaka minne, akakutana na mtihani, na hapo wengi safari yao iliishia. Wachache waliendelea na shule za kati. Marehemu baba alikuwa akisema wakati wake hukuuliza shule gani nzuri. Uliuliza nani anamjua mwalimu.

Ndiyo maana wazazi wenyewe waliamua kuhangaika. Mwaka 1955, TANU ikiwa bado changa, ikaanzishwa TAPA, umoja wa wazazi wa Kiafrika Tanganyika, ambao leo tunaujua kama Jumuiya ya Wazazi. Watu walichanga, wakasimamisha madarasa pale serikali ilipokuwa haijafika. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani michango ya shule ni ugonjwa uliokuja juzi. Michango ni ya zamani kuliko Uhuru wenyewe.

Uhuru ulipokuja, sheria mpya ya elimu ikaanza kazi Januari 1962, na shule za rangi zikafutwa. Kwenye karatasi, mtoto wa Temeke sasa angeweza kukaa dawati moja na mtoto wa Upanga. Nauli na umbali vilikuwa na maoni tofauti, lakini mlango ulifunguliwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikapata mashamba, mabanda ya kuku na majembe. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa. Mwaka uliofuata, mkutano wa chama kule Musoma ukaamua kwamba watoto wote wa nchi hii waingie shule, na tena upesi. Novemba 1977 ikawa ndiyo UPE yenyewe.

Mimi ni mtoto wa UPE. Niliandikishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, shule moja hapo hapo Temeke. Usaili ulikuwa mmoja: mwalimu alinishika mkono wa kulia, akaupitisha juu ya utosi, vidole vikagusa sikio la kushoto. Basi, nimekua, niandikwe. Mama alikuwa na swali moja tu, kama kuna barabara kubwa ya kuvuka. Aliposikia hakuna, akanikabidhi ufagio na kidumu akaenda zake sokoni. Huo ndio ulikuwa uchunguzi wote wa ubora wa shule, na hakuna aliyemwona mama kuwa mzembe. Shule zote zilikuwa zinafanana, au angalau ndivyo tulivyoamini.

Hazikufanana. Nchi nzima kwa ghafla ilikuwa na watoto zaidi ya milioni tatu madarasani, na walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakiifanya, wengine kwa masomo ya redio na posta. Hao ndio "walimu wa UPE" ambao watu huwataja kwa dharau mpaka leo. Mimi aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao, na alinifundisha kweli, kwa hiyo dharau hiyo muiendeshe mbali na mimi. Ila tuseme ukweli pia: darasa la jirani lilikuwa na mwalimu wa namna hiyo hiyo, na walifika la nne wakiwa wanabahatisha herufi.

Kuna kitu kingine cha miaka hiyo ambacho mpaka leo unaweza kukiona kwa macho. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na awamu iliyofuata ikaenda Mbagala na Tabata. Kwenye ramani zile shule ilitengewa eneo lake kabla nyumba hazijajaa. Ndiyo maana ukipita Sinza unakutana na shule zenye viwanja, na majina yenyewe yanakuambia umri: Mapambano, Mashujaa, Mugabe. Hakuna anayeita shule Mapambano siku hizi. Ni majina ya nchi iliyokuwa inasaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika, na ilitaka mtoto wa darasa la kwanza alijue hilo kila anapoandika jina la shule juu ya daftari.

Sehemu ambazo watu walijigawia ardhi wenyewe, kwa mjumbe na mashahidi wawili, mambo yalikuwa kinyume. Watu walifika kwanza, shule ikaja baadaye ikabanwa kati ya gereji, kanisa na nyumba za kupanga. Na lile shamba la Elimu ya Kujitegemea, pale lilipokuwepo, likaliwa kidogo kidogo. Leo mita mbili za uzio wa jirani, kesho kibanda cha chipsi, keshokutwa unaambiwa eneo halina hati.

Sasa tuje kwenye jambo lililoleta jina la Kayumba.

Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulikuwa umelala. Michango ikarudi, vitabu vikawa vya kugombania, na walimu, kwa mshahara ule, wakaanza kuuza barafu na maandazi darasani. Sisi tulinunua, maana ukinunua kwa mwalimu unapendwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango wa shule za msingi za binafsi ukafunguliwa, na Inglishi Midiamu zikaanza kuota kama uyoga. Mabasi yenye mstari wa njano yakaingia mitaani saa kumi na moja alfajiri. Aliyeondoka kwanza alikuwa mtoto wa meneja, akafuata wa mwenye duka. Halafu, na hapa ndipo palipouma, akaondoka mtoto wa mwalimu. Shule za serikali zikapewa jina la utani, Kayumba, na wenye masihara wakaongeza "Saint" mbele yake ili zifanane na zile za masista.

Watu huzungumzia Kiingereza tu katika habari hii. Mimi naona tulichopoteza zaidi ni wale wazazi wenyewe. Mzazi anayejua kuandika barua kwa afisa elimu, anayeweza kusimama kwenye kikao cha shule akauliza hela ya madawati imeenda wapi, ndiye aliyeondoka na basi la njano. Wanaobaki wengi wako sokoni saa za kikao. Na serikali yenyewe ina shule za Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Upanga, ambako wazazi wenye sauti wanapigana vikumbo kuingiza watoto, na haishangazi kwamba zinasikilizwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa aina ya kwanza ya shule ndogo. Ni shule ya mtaa uliopimwa, Kinondoni kwa mfano, ambapo nyumba za familia zimegeuka ofisi, baa na apatimenti, na watoto waliobaki wanapanda mabasi. Shule ina kiwanja, miti na madarasa ya nguvu. Ukiingia unasema, mbona kuzuri! Pengine kweli ni kuzuri. Lakini mara nyingi wanaosoma humo wanatoka mbali, watoto wa wasaidizi wa ndani na walinzi wa mtaa ule, na wenye nyumba zinazoizunguka shule hawajui hata jina la mwalimu mkuu.

Aina ya pili ililetwa na kufutwa kwa ada mara mbili. Mwaka 2001 ada ilifutwa tena, ukaja MMEM, na watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakamiminika. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 milango ilipofunguliwa, Temeke ilijaa pomoni. Mnakumbuka kampeni ya madawati mwaka ule? Kila kampuni ilipiga picha na dawati. Kule Mbagala, shule ya Majimatitu ikawa habari magazetini kwa kuwa na wanafunzi wa kuhesabu kwa maelfu. Wapo walioingia asubuhi na walioingia mchana, na wa mchana walirudi nyumbani giza linaingia.

Dawa ya haraka iliyotumika ni kisu. Shule moja inakatwa, zinakuwa mbili. Kiwanja kile kile, geti lile lile, mwarobaini ule ule, lakini mihuri miwili na walimu wakuu wawili. Moja inaitwa jina la zamani, nyingine inapewa herufi B au jina la mwenyekiti wa mtaa aliyefariki. Kwenye orodha ya wizara sasa kuna shule mpya, ndogo, yenye uwiano mzuri. Ukisimama katikati ya uwanja wakati wa mapumziko unaona umati ule ule wa jana.

Ipo na aina ya tatu, shule mpya za pembezoni zilizojengwa miaka hii, pamoja na za mradi wa BOOST. Hizo ni ndogo kwa sababu mtaa bado haujajaa, na zinapendeza kwa rangi. Subiri miaka mitano.

Basi nikafika kwa wifi, nikanywa chai, tukaanza na ile "nafasi ya tatu". Nilimwomba aifungue kwenye simu. Matokeo ya darasa la saba yapo wazi kwa kila mtu, na wazazi wengi husoma mstari mmoja tu. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani liligawa shule makundi mawili: zenye watahiniwa 40 au zaidi, na zenye pungufu ya 40. Sababu yake ni ya haki kabisa. Shule ya watoto 20, wawili tu wakiwa vipanga, wastani wa shule nzima unapaa. Mwaka unaofuata wawili wakiugua, unaporomoka. Shule yetu ilikuwa na watahiniwa 38. Nafasi ya tatu aliyoisikia jirani haikuwa ya wilaya nzima. Wastani wenyewe, lakini, ulikuwa mzuri. Siwezi kuwanyima haki yao.

Wifi aliishiwa nguvu kidogo. Nikamwambia hata ingekuwa ya tatu kweli, hizo namba zimeshatuchezea sana. Utafiti wa Uwezo wa 2010 ulikuta watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, jamani, si Kifaransa! Mwaka 2012 wizara ikakiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani, wamo kwenye takwimu za shule zao. Kuanzia 2013, chini ya Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapakwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kwa matokeo hayo hayo, na walimu wakuu wakajifunza kuiogopa nyekundu. Wengine waliiogopa kwa kufundisha. Wengine waliiogopa kwa kambi za darasa la saba, walimu wote hodari wakipelekwa huko na darasa la kwanza likiachiwa anayekaribia kustaafu. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema hakuna tija. Magroup ya wazazi yalilalamika wiki nzima. Mimi nilipiga makofi.

Asubuhi ya Jumatatu tukaenda. Wifi alivaa kitenge cha kutokea, mimi nikachukua daftari.

Geti kweli lilikuwa moja, na ndani kulikuwa na shule mbili. Hii ndogo ilikatwa kutoka kwa kubwa mwaka mmoja baada ya ile fujo ya 2016, ikapewa vyumba vinne, haikuwa na ofisi. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitueleza bila kuzunguka. Miaka ya mwanzo wazazi waliikwepa, kila mtu alitaka jina la zamani. Ndiyo maana darasa la saba lililomaliza lilikuwa na watoto 38 tu. Walikuwa wachache tangu la kwanza, kila mwalimu aliwajua kwa majina ya mama zao, na wakafaulu.

"Na darasa la kwanza la mwaka huu wako wangapi?" nikauliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

Wifi akanitazama. Sifa zilienea, uandikishaji ukapanda, na shule ambayo jirani anaisifu imeshamaliza mtihani wake na kuondoka na wale 38. Shule atakayoingia mwanetu ni nyingine, ingawa muhuri ni ule ule. Wale 112 wamegawanywa mikondo miwili, 56 kila chumba, wakati kipimo cha serikali yenyewe ni 45. Juu shule ni ndogo, chini imeshakuwa kubwa.

Tukaomba kuona vyoo. Hapa mzazi usione haya. Vyoo ni hesabu. Kanuni ni tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Shule ndogo ilikuwa na matundu ya kutosha, mpaka nilipomwona mtoto mwenye nembo ya shule ya pili akitoka humo. Vinatumiwa na wote. Ukigawa kwa shule mbili, hesabu inakataa. Maji yalikuwepo siku ile, tanki limejaa, na hilo nililiandika pia.

Kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ilibandikwa karatasi ya mapato na matumizi. Tangu enzi za MMEM shule zinatakiwa kuibandika, na ni wachache wanaosimama kuisoma. Ruzuku ya serikali, walimu wanaiita kapitesheni, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo huja shuleni. Shule ile, awali mpaka la saba, ina watoto kama 500. Fanya hesabu: milioni tatu kwa mwaka, laki mbili na nusu kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na mpira wa michezo. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu peke yake, iliyoanza kulipwa 2016, ni laki mbili kwa mwezi. Simwonei wivu, kazi anaifanya. Nasema tu kwamba shule ndogo hupewa kidogo, huku mlinzi hapunguzi mshahara kwa sababu watoto ni wachache, na bomba likipasuka halipasuki nusu. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna mchango wowote, uliza mlinzi analipwa na nani. Tuliuliza. Wazazi wanatoa elfu mbili kwa mwezi, wameamua kwenye kikao, muhtasari upo, asiye nacho mtoto wake harudishwi nyumbani. Hilo la mwisho niliwauliza akina mama wawili pale nje wanaouza ubuyu na kashata, na wote wawili walisema ni kweli.

Kilichonikalisha zaidi, lakini, kilikuwa darasa la tatu. Nilimwomba mwalimu niwasikilize watoto wakisoma, na sikuomba anichagulie. Nikamwita wa dirishani, wa nyuma kabisa, na mmoja aliyekuwa anajificha chini ya dawati. Wa dirishani alisoma ukurasa mzima bila kupumua. Wa nyuma alisoma kwa kuburuta, silabi kwa silabi, lakini alielewa alichosoma, maana nilipomuuliza alinijibu na kucheka. Yule wa kujificha hakuweza. Mwalimu hakumkaripia wala hakuona aibu. Alinionyesha daftari lenye majina tisa, na mbele ya kila jina herufi ambazo mtoto bado hazijui. Anabaki nao dakika ishirini kila siku baada ya kengele. Nikamuuliza analipwa. Akasema, "Na nani, dada?"

Huyo mwalimu ndiye aliyewafundisha wale 38 walipokuwa wadogo. Januari anahamia darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alitunong'oneza hivyo kama mtu anayetoa siri ya nyumba.

Njiani kurudi tulibishana. Mimi nilisema watoto 56 ni wengi mno, hata kwa mwalimu yule. Wifi akasema Inglishi Midiamu ya kwenye friji hakuna aliyemruhusu aingie darasani. Walimwonyesha bustani, bembea na kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Nikamkumbusha pia kwamba mambo yamebadilika. Mtaala mpya ulianza 2024, na sera iliyozinduliwa mwishoni mwa Januari 2025 imeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, kwa hiyo matokeo ya mwaka huo, ya shule yoyote ile, yatakuwa ya kusoma kwa uangalifu mkubwa. Akasema, "Wifi, mimi nina mtoto wa Januari, wewe unaniletea 2027."

Jioni kaka alirudi akaenda kwenye friji. Fomu ilikuwa bado pale, nanasi lake juu. Wifi akamwambia kwamba kesho anapeleka cheti cha kuzaliwa kule mtaa wa tatu, na kikoba amewaambia wasimwandike kwanza.

"Na hii?" kaka akauliza, kidole kwenye fomu.

"Iache hapo hapo. Kila Ijumaa nitamkalisha anisomee. Ikifika Pasaka silabi bado zinamshinda, naenda kuweka saini."

Mimi nimepewa kazi yangu: wiki ya pili ya Januari nirudi pale shuleni saa mbili asubuhi, nihesabu vichwa vya darasa la kwanza, na nitazame kama aliyesimama mbele yao ni yule yule.